Utando wa Juu

3 Machi

Kwako wifi yangu,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima, ila shingo inauma kwa kuinamia hadubini kutwa.

Kwenye simu uliniuliza nafanya kazi gani hasa. Nikasema nachambua matope, ukacheka. Ndivyo ilivyo. Meli hutoboa sakafu ya bahari, ikaleta matope ndani ya mabomba marefu. Humo mna maganda ya vijidudu vilivyokuwa vikielea juu, vikafa, vikazama. Ganda moja ni dogo kuliko punje ya chumvi. Kijidudu hulijenga kwa maji yanayokizunguka, na kitu kiitwacho boroni huingia humo. Boroni iko ya aina mbili, nyepesi na nzito. Nikipima uwiano wake najua maji ya wakati ule yalikuwa na asidi kiasi gani.

Baba anauliza lini tutamaliza msiba wa kaka. Mwaka wa sita huu. Ukikubali, nitaomba ruhusa nije.

Wifi yako wa maabara

19 Machi

Wifi wee,

Salamu nimezipata. Sijambo, na cherehani haijambo. Kuna mteja kanenepa kabla ya kuchukua gauni lake, sasa anasema nimekata vibaya. Nawe umesoma miaka yote hiyo ili uchague matope kwa brashi, halafu watu wanasema mimi ndiye sina akili.

Msiba tutaumaliza nikipata cha kuzika. Nimewaambia nyote, sirudii.

Nijibu bila kuzunguka: matope hayo yametoka upande gani? Si kule ilikozama meli ya mume wangu?

Mke wa kaka yako

2 Aprili

Wifi yangu, hujambo? Mgongo vipi, na kukaa kwenye cherehani kutwa nzima?

Sitakudanganya. Ni kule. Walichota mwendo wa nusu siku kutoka mahali palipoandikwa kwenye ripoti ya ajali. Lakini nielewe: matope haya ni ya kale mno. Unene wa kidole tu ni zaidi ya miaka elfu. Utando wa juu kabisa ndio wa enzi zetu, nao nitaufikia karibuni. Nitachagua maganda, niyaponde, niyaoshe, niyayeyushe kwa asidi, kisha niipe mashine. Bila utando huo hatuwezi kulinganisha bahari ya leo na ya zamani.

Kaka hayumo humo. Usijitese.

Wifi yako wa maabara

8 Aprili

Wifi, salamu baadaye.

Umeandika kwa mkono wako kwamba kijidudu hujenga ganda kwa maji yanayokizunguka. Mume wangu yumo ndani ya maji hayo miaka sita. Amekwisha kuwa maji. Basi atakosaje kuwemo?

Usimyeyushe mara ya pili.

Mke wa kaka yako

30 Mei

Wifi yangu,

Natumaini u mzima. Najua nimekaa kimya.

Ule utando niliuacha kwenye friji, nikamwambia mkuu wangu mashine inasumbua. Siku moja akaja mwenyewe, akaiwasha, ikanguruma vizuri kabisa. Nikakosa pa kujificha, nikaanza kuchagua.

Maganda ya chini ni meupe, magumu kama meno. Haya ya juu mwanga unapita ndani yake, na ukiyagusa kwa brashi yanavunjika. Nilikuwa nimezama kazini pale mwenzangu wa meza ya pili aliponiuliza, "Unamjibu nani?"

"Sijasema kitu."

"Umesema 'nakuja'. Si mara moja." Wala hakuwa akitania. Akahamisha kiti chake.

Nimeyayeyusha, wifi. Vipimo vinaonyesha asidi nyingi kuliko tabaka lolote la bomba zima. Tumerudia, ni vilevile. Mkuu alikaa akiangalia namba zile, kisha akachukua koti lake akaenda nyumbani bila kuaga.

Ganda moja nililificha. Limegundishwa juu ya kioo kilichomo kwenye bahasha hii, utaona nukta tu. Lizike, tumalize.

Wifi yako wa maabara

21 Juni

Wifi yangu, hujambo? Baba anakusalimu, miguu yake imepata nafuu.

Bahasha ilifika. Kioo nilikiweka kwenye kabati la vyombo, nikaita watu, tukamaliza msiba. Ulinyimwa ruhusa, tumekuelewa. Nililia kama siku ile ya habari, nikalala mchana mzima. Nilipanga kukizika kioo mwisho wa wiki.

Leo amekuja mteja mgeni. Amehamia mtaa huu juzi, habari zangu hazijui. Nikiwa nampima mabega akasema, "Jana nilikuja nikakuta umefunga. Mumeo akanijibu kwa ndani, akasema umekwenda kununua uzi, nirudi leo."

Kweli nilikwenda kununua uzi.

Nikamuuliza, "Alisema nini kingine?"

"Basi hilo tu. Lakini kifua kimembana, sauti yote maji. Mchemshie tangawizi."

Nikaandika vipimo vyake. Alipotoka nikafunga mlango, nikateleka tangawizi.

Usije kukichukua kioo. Na kama yamebaki maganda ya utando ule, usiyaguse kwa asidi. Nitumie yote.

Mke wa kaka yako