Lothar Amehamia Bandani

Tanunda, 4 Machi 2019

Mdogo wangu Clemens,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini goti lako limetulia na baridi ya kisiwani kwenu Burnie haijakugandisha. Ukiniuliza mimi, nusu sijambo, nusu ni mambo ya kutapisha, kwa hiyo maliza kula kwanza ndipo uendelee kusoma.

Lile tumbo lililonisumbua tangu Krismasi limepata jina: saratani ya utumbo mpana. Kabla ya kunichungulia ndani kwa kamera walininywesha dawa ya kusafisha tumbo, jagi zima, ladha yake kama maji ya bahari yaliyofuliwa soksi kisha yakakamuliwa limau. Nilishinda chooni hadi nikaona aibu mbele ya vigae. Nimetengeneza soseji maisha yangu yote, nimeosha matumbo ya nguruwe kwa mikono hii, nikadhani hakuna uchafu wa kunishinda. Kumbe wa mtu mwenyewe una ukali wake.

Wiki ijayo wananipasua. Lothar ameniomba nisiwaambie majirani ni sehemu gani, niseme "tumbo" tu. Mume wangu ana haya, utadhani utumbo ni wake.

Wewe uliyekuwa ukikimbilia kwenye mizabibu kila siku ya kuchinja nguruwe, usijilazimishe kuja. Niandikie tu.

Dada yako,
Hedwig

Burnie, 11 Machi 2019

Dada Hedwig,

Umeamkaje? Goti halijambo, lisikupe mawazo. Barua yako ilifika nikiwa mezani, na sikukutii, niliisoma nikila. Supu nimempa mbwa.

Nimeandika karatasi tatu na kuzichana. Nina ombi moja: usinifiche kwa mzaha. Ukichekesha sana ndipo ninapoogopa, maana nakujua. Na je, Lothar atakuuguza? Yeye hata paka akitapika hutoka nje.

Ukiweza kushika kalamu, niambie umeamka salama.

Mdogo wako,
Clemens

Tanunda, 20 Mei 2019

Clemens mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Nisamehe kwa kukawia. Niliamka salama, nikiwa na upungufu wa kipande cha utumbo na nyongeza ya mfuko. Ncha ya utumbo imetolewa nje ubavuni, nyekundu kama pua ya mlevi, na chini yake mfuko wa kupokea kinyesi. Nimeiita ncha hiyo Diwani, kwa sababu inaongea bila kuombwa na haisikii ukiikataza. Jumapili mchungaji alipotuomba tusali kimya, Diwani alitoa hotuba. Bibi Schirmer alinigeukia akaniuliza kama nina njaa.

Sasa nimeanza dawa ya mshipani. Kinywa kina ladha ya sarafu. Nikishika kitu cha baridi vidole vinachoma kama nimegusa waya wa umeme, hivyo friji naifungua na glavu za bustani. Harufu ya soseji, Clemens, ile iliyonilea, nikiisikia natapika.

Umeniomba nisifiche, basi soma. Lothar alianza kwa kuhama meza. Kisha akahama kitanda. Sasa amehamia bandani, kwenye trekta, ana redio na jiko dogo. Anasema atarudi hali ikiwa safi. Mfuko naubadili mwenyewe, na vidole vimekufa ganzi. Juzi ulinifungukia sebuleni. Nikapiga magoti kufuta zulia, nikainua macho, nikamwona dirishani, ananitazama, ameshika pua. Hapo sikupata mzaha wa kutunga.

Dada yako,
Hedwig

Burnie, 27 Mei 2019

Dada Hedwig,

Pole sana. Sitauliza hali yako, nakuja kuiona. Nimekata tiketi ya meli ya Ijumaa, ya kwangu na ya mbwa, kisha nitaendesha gari hadi kwako. Usiniandikie kunikataza, barua itafika nimeshaondoka.

Sijabadilika. Damu bado inanilegeza magoti, sembuse hayo mengine. Nikizimia, niruke uendelee na shughuli zako.

Mdogo wako,
Clemens

Tanunda, 17 Novemba 2019

Mdogo wangu Clemens,

Hujambo huko? Umefika salama? Nyumba imepoa tangu uondoke, na mbwa wako ameacha manyoya kwenye kila kiti.

Leo nilimsimulia muuguzi siku yako ya kwanza. Jinsi ulivyoubandua mfuko, ukakimbilia sinki, ukatapika mpaka machozi, ukajifuta, ukarudi ukauliza, "Upande wa gundi unatazama juu au chini?" Muuguzi alicheka akalazimika kukaa. Hakuamini kwamba ulitapika wiki nzima, na wiki nzima ulirudi.

Sasa habari. Picha zimetoka safi. Mwezi ujao wanataka kuuunganisha utumbo na kuuondoa mfuko. Daktari ameonya kwamba huenda ukakataa kushika, na ikiwa hivyo nitabaki na Diwani hadi kaburini.

Sijui nani alimfikishia Lothar. Juzi jioni aliingia kwa mlango wa jikoni, amenyoa, amekumbatia mto. Akaketi mahali pake pa zamani, akasema yamekwisha, Mungu mkubwa, amerudi. Nilikuwa namenya viazi. Nikamuuliza, "Na utumbo usiposhika?"

Akauangalia ubavu wangu, kisha sakafu. "Tuombe tu ushike," akasema. "Mimi ile harufu siiwezi, Hedwig. Wewe mwenyewe unajua."

Nilimtazama. Mikono safi, kucha zimekatwa, nywele zina maji. Kichefuchefu kikanipanda, na dawa nilishamaliza tangu mwezi uliopita. Nikaweka kisu chini.

"Mto uache hapo," nikamwambia. "Ni wangu. Wewe rudi bandani."

Alisimama kitambo akisubiri nicheke, maana miaka yote hiyo mwisho wangu huwa kicheko. Kisha akauweka mto mezani akatoka. Asubuhi yake alipakia redio akaenda kwa dada yake anayeishi Nuriootpa.

Upasuaji ni Jumanne ya pili ya Desemba. Usije. Au njoo, chumba cha mbele nimekitandika.

Dada yako,
Hedwig