Rangi ya Viatu Kwenye Fidla

Jericho, Nairobi
9 Novemba 1978

Kwa Baba,

Huku sote tu wazima, ila mvua imeng'oa bati moja la jikoni.

Nimesoma barua yako ya kuniomba msamaha. Mwezi wa Agosti uliipaka fidla yangu rangi ya viatu, kama unavyopaka vinyago vyako vyote, ukitaka ing'ae. Ungejuaje kwamba fidla ikipakwa hupoteza sauti?

Jumamosi tulipiga ule muziki mpya wa Wazungu, wa piano na nyuzi, unaosikika kama majirani wakigombania mfereji wa maji. Kabla hatujaanza, Phares, mpiga piano wetu, alininong'oneza: "Ndindi, azima nyingine. Hiyo inanuka kama duka la viatu."

Nilikataa. Tulipomaliza, shavu langu lilikuwa jeusi tititi na watu wakacheka. Niliwainamia hivyo hivyo, na sikujipangusa mpaka nikafika nyumbani.

Sasa Phares anasema nisipobadilisha fidla nisirudi kundini. Nimemwambia atafute mpigaji mwingine.

Usiniombe msamaha tena, Baba. Ukija Krismasi, beba ule mkebe wako wa rangi. Pale ninapoegemeza kidevu, rangi imeanza kutoka.

Ndimi binti yako,
Ndindi