Msuko Uliotoka Nyumbani

Jumanne, 15 Februari 2011

Ukungu na baridi. Mkuu wa shule, Sista Ibanri, ameuliza tena historia ya shule imefika wapi. Jubilei ya miaka mia ni mwakani. Katika kuandika nimefika mwaka 1931. Akasema kwa mwendo huo tutasherehekea bila wewe, Sista Perpetua. Nilimfundisha sarufi huyu. Hata wakati huo hakuwa na adabu.

Chawa wameingia bweni la wadogo. Mkuu ameamuru: Jumamosi wote wafumuliwe nywele na kuoshwa. Atakayekataa – mkasi.

Jumatano, 16 Februari

Anayekataa ni mmoja: Daphisha, miaka saba, mgeni wa juzi juzi. Mama yake alimsuka langoni, kisha akaondoka kwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Miaka miwili! Mtoto analala kifudifudi, msuko usiharibike. Kong Thrina – Dada Thrina, kwa lugha ya hapa – mlezi wa bweni, amejaribu upole, machungwa, vitisho. Wenzake wanamwita Kiota. Anawajibu afadhali kiota, kimejengwa na mama.

Alhamisi, 17 Februari

Sura ya 1931 imejaa maaskofu na mabati. Wasichana wako wapi? Masista wa kwanza waliwanyoa wote siku ya kuingia. Mzazi alisubiri langoni, akapewa nywele ndani ya leso, akashuka nazo mlimani. Mama yangu alinyolewa hivyo. Nywele zake tulizikuta katika kopo la majani ya chai, bibi alipofariki.

Nimeandika aya nzima. Sista Ibanri atasema si historia. Na aseme.

Ijumaa, 18 Februari

Nimemwita Daphisha. Nimemwamuru asimame wima, nikauchunguza msuko. Mafungu manne, si matatu. Utepe mwekundu umepita katikati. Nikamwuliza: nikijifunza kusuka hivi hivi, utakubali tufumue?

"Kwani Sista unajua kusuka?"

Sijui. Nitajifunza.

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Akakubali.

Kong Thrina amenipa sufu, nimeifunga kwenye mguu wa kiti. Vidole vina baridi yabisi. Kong anasema nimesuka kamba ya mbuzi. Nimefumua, nimeanza upya.

Jumamosi, 19 Februari

Maji ya moto, jiko la mkaa, jua kidogo. Alikaa kati ya magoti yangu. Nilipofungua utepe alifumba macho. Hakulia. Mimi – moshi wa mkaa tu.

Tuliosha, tukachana, nywele zikakauka. Nikasuka. Sista Ibanri alikuja akasimama mlangoni na mkasi wake. Daphisha akapitisha vidole kisogoni, polepole, toka juu hadi chini.

"Umekosea, Sista. Rudia."

Maneno yangu mwenyewe, ya maisha yangu yote darasani! Sista Ibanri aligeukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mkasi ukarudi mfukoni.

Nimefumua. Kengele ya chakula imelia. Amekwenda kula, nywele wazi mabegani. Akirudi tunaanza tena.

Utepe ameniachia mimi.