Soneti ya Mpenzi Wangu Nimeipa Kumi na Tatu kwa Ishirini

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba unisaidie kabla sijakonda nikaisha, mimi ni mwalimu wa fasihi, nina miaka thelathini na minne, na kwa miaka mitatu nimekuwa na mpenzi ambaye ni seremala, mtu mpole asiye na makuu, mwezi uliopita akaniletea soneti aliyoitunga mwenyewe, inamhusu shujaa wa Wayunani wa kale aliyepigana vita miaka kumi kwa ajili ya mwanamke mmoja, nami kwa mapenzi tu nikaisahihisha. Mishororo kumi na minne ipo, sikatai, na minane ya kwanza vina vyake vimepangika na mizani ni kumi na moja kila mshororo, lakini kwenye ule wa tisa, pale wazo linapotakiwa kugeuka, shujaa bado anachoma watu mikuki, na miwili ya mwisho ndiyo ilinivunja moyo kabisa, mizani imezidi, vina havilingani, Wayunani wametoweka ghafla. Nikampa kumi na tatu kwa ishirini, na hapo nimemhurumia, nikaipiga picha kabla ya kumrudishia, nakuambatishia ujionee.

Alipoona alama akaniuliza, "Hayo tu ndiyo umeyaona?" Nikamwambia, "Na koma mbili umezisahau." Akakunja karatasi yake akaondoka, sasa ni wiki ya tatu hapokei simu, mama anasema nimemfukuza mwanamume wa watu, na Shangazi, nampenda, nimwongezee alama mbili?

Mwalimu Aliyechanganyikiwa

*

Mwanangu, pole, na utulie. Picha ya soneti uliyonitumia nimeisoma, pamoja na wino wako mwekundu. Mizani umehesabu sawasawa, sina ubishi. Sasa soma mshororo wa mwisho, ule ulioandika pembeni "mizani kumi na mbili, rekebisha":

"Je, utakubali kuwa mke wangu?"

Seremala amekuomba ndoa. Mtu amejifunza soneti ukubwani ili akufikie ulipo, wewe unamdai koma. Wayunani walitoweka kwa sababu alishafika kwako, na huo ndio ugeuko uliokuwa ukiutafuta kwenye mshororo wa tisa.

Alama weka kando. Leo ukitoka kazini nenda karakanani kwake, subiri azime mashine, umwambie ukweli kwamba hukuona. Utamuumiza kidogo, lakini mwambie. Kisha umjibu swali lake kwa neno moja, bila maelezo. Na akisema umechelewa kumjibu, mwanangu, ondoka bila kumsahihisha.