Yule wa Nne kwenye Santuri

Baba Zena,

Naandika mwenyewe, kwa hiyo vumilia mwandiko. Tangu tukuzike sisi hatujambo, ila nina swali, na wa kulijibu ni wewe peke yako.

Kwanza habari. Uhuru umekuja. Umenikuta ndani ya eda, nimeusikilizia dirishani, watu wanaimba mpaka sauti zinakauka. Yule Mzungu wa jineri, kiwanda cha pamba, aliyekupa santuri kaondoka na mbwa wake, mpishi kaachiwa kitanda. Mwanaidi jirani anasema kaachiwa na zaidi ya kitanda, lakini hayo tuyaache.

Sasa. Eda imekwisha Alhamisi. Nikaoga, nikavaa kanga mpya, nikatoa gramafoni uvunguni. Nikaweka santuri yake, ile ya wanaume wanne, ya tangu enzi za Mjerumani, wanaimba bila gitaa wala ngoma. Unakumbuka majina tuliyowapa: Filimbi, Sukari, Mzee wa Puani, na yule wa chini kabisa, Ng'ombe. Kaja Filimbi, kaja Sukari, kaja Mzee wa Puani. Ng'ombe hayupo.

Nikarudisha. Hayupo. Nikabadilisha sindano, nikatia ile mpya uliyonificha kwenye kopo la vifungo, niliiona zamani. Hayupo. Nikamwita Mwanaidi. Kasikiliza, mkono kiunoni, kasema, "Shoga, mimi siku zote nasikia watatu na mumeo."

Nikaketi sakafuni na kanga yangu mpya. Mwanaidi akadhani naumwa.

Maana miaka yote hiyo wewe uko kwenye cherehani, mguu unakanyaga, na Ng'ombe akikaribia unaniambia, "Nyamaza kidogo, mama, wa nne huyo." Na mimi niko katikati ya habari tamu. Kumbe wa nne alikuwa wewe?

Sikutulia. Nikaifunga santuri kwenye kanga, huyo mpaka Pasiansi kwa Mama Regina, mke wa karani mstaafu. Wana gramafoni kubwa kama kabati. Tukaiweka, na kweli yupo. Yuko nyuma nyuma, kama mtu anayeimba chumba cha pili. Lakini haimbi ulivyoimba wewe, Baba Zena. Unaposhuka wewe, yeye anapanda. Na mwishoni anakoma mapema, wakati wewe ulikuwa unaburuta mpaka santuri inaanza kukwaruza.

Sasa niambie, ulimsikia wapi? Au hukumsikia kabisa? Mzungu alikwambia wako wanne, ukahesabu watatu, ukaona pengo, ukaingia mwenyewe? Na ulijua, ukanicheka kimoyomoyo, au hata wewe hukujua? Hapo ndipo naumia. Ningekuuliza jioni moja tu.

Mama Regina kasema, "Iache kwangu, kwako inaimba nusu." Kwake yule ndiye wa kweli. Nikamwambia yule mimi simjui, wangu namjua, nimemshonea vifungo vya shati.

Nimeirudisha nyumbani. Kwetu wanaimba watatu, na nafasi ya mmoja ipo palepale.

Basi pumzika, mume wangu, Mungu akulaze pema. Ahadi yangu ni hii. Kila Alhamisi nitaizungusha, na tukifika mahali pako, hata niwe na habari ya Mwanaidi mdomoni, nitanyamaza.

Mkeo,
Mama Zena