Kupoza Chumba cha Rukia

Jumatano, 15 Juni
Saa tatu asubuhi nyuzi 24. Saa sita 28. Saa kumi na moja jioni 31, chumba cha mbele juu, anapolala Rukia. Nje 27. Yaani nyumba ina joto kuliko barabara. Matofali ya zamani, vyumba viwili juu, viwili chini, vigae vinapigwa na jua kutwa.

Daktari keshasema: moyo wa mke wangu hauwezi chumba kinachozidi 26. Agosti iliyopita alianguka ngazini. Salma, binti yetu, anataka kumchukua kwake Harrow, pembezoni mwa jiji, kuna kiyoyozi. Nimemwambia anipe mpaka mwisho wa Julai. Amekubali, kwa Kiingereza, kwa sauti ile anayozungumzia na wagonjwa wake wa hospitali.

Miaka 31 nimefunga mabomba ya kupasha joto nyumba za watu wa jiji hili. Nishindwe kupoza chumba kimoja?

Ijumaa, 17 Juni
Kiyoyozi hatukiwezi. Kununua labda. Umeme wake, hapana. Pensheni yangu naijua. Nimeomba msaada, nimeletewa karatasi yenye picha ya glasi ya maji.

Basi mwenyewe. Joto linaingia kwa njia tatu. Dirisha la mbele, linatazama magharibi, ndilo kubwa. Paa. Na hewa yenyewe ya mchana. Dawa: turubai nje ya kioo, si pazia ndani. Pazia la ndani linazuia jua lililokwishaingia. Mablanketi ya sufu darini, kuzuia joto la vigae. Madirisha yafungwe saa mbili asubuhi mpaka jua lizame. Yafunguliwe alfajiri nikimaliza kuswali, feni isukume hewa ya moto itokee kwenye tundu la dari. Matofali yanywe baridi asubuhi, yatulipe mchana.

Nimepiga hesabu mara mbili. 25. Tuseme 26 kwa taabu.

Jumapili, 19 Juni
Turubai limekaa. Nimelikata kwenye paa la kibanda cha sokoni kilichovunjwa, halina hata tundu. Jirani yangu Harjit, mzaliwa wa Nakuru, alisimama chini na kikombe cha chai. "Mzee, umefunga nyumba kama duka siku ya mgomo!" Nikamwambia acheke, joto likizidi atakuja kuomba vipimo na nitamtoza.

Magoti yanauma. Nina miaka 73 na juu ya ngazi niko peke yangu. Salma hajawahi hata kunishikia bisibisi.

Chumba kimekuwa giza. Sawa. Giza halijamuua mtu.

Alhamisi, 23 Juni
29. Haiwezekani.

Nimepanda darini, nimepapasa sufu yote. Nimepima mianya ya mlango. Hakuna kitu. Hesabu haikosei bure, kosa lina pahala pake.

Ijumaa, 24 Juni
Nimeliona kosa. Nimerudi mapema kutoka msikitini, nikakuta dirisha wazi, turubai limekunjwa juu na kufungwa kwa mtandio, jua limejaa kitanda kizima. Rukia kakaa katikati yake anachambua mchele.

"Napata pumzi, Baba Salma."

Nikamwambia hapa si Ng'ambo, mtaa wetu kule kisiwani. Kwetu joto likija watu hufungua, upepo upite. Hapa mchana unaufungulia moto. Nimemchorea kwenye karatasi, mishale na namba. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 29 Juni
Kafungua.

Alhamisi, 30 Juni
Kafungua.

Ijumaa, 1 Julai
Kafungua. 30. Nimekasirika. Nimesema maneno. Nimesema mwenzangu unataka kwenda Harrow, huna uso wa kuniambia. Kapakua chakula changu, kakifunika, kapanda juu.

Najiona kama mtu anayechota maji kwa pakacha.

Jumamosi, 9 Julai
Salma alimchukua mamake kutwa. Nikafunga kila kitu saa mbili kamili. Saa kumi na moja jioni nje 30. Chumba cha mbele 24 na nusu.

Nimekaa kitandani peke yangu gizani, nikacheka kama mwehu.

Waliporudi niliwaonyesha. Salma akanipongeza, nadhani kwa moyo. Rukia hakutazama kipimajoto. Alitazama dirisha.

Kwa hiyo nyumba haina kosa. Kosa ni mtu. Zimebaki wiki tatu, na mtu huyo anajidhuru mwenyewe. Inaniuma kuliko magoti.

Jumapili, 17 Julai
Redio inasema kesho joto kali kupita yote. Nimetia skrubu mbili kwenye dirisha la mbele. Dakika tano. Sikumwambia. Nitazitoa jua likizama.

Jumatatu, 18 Julai
Saa sita na nusu nilikuwa madukani Stratford natafuta feni ya pili. Harjit akanipigia. Alisikia kioo kinapigwa, kinapigwa, halafu kimya. Kagonga mlango, hakufunguliwa.

Dakika 38 mpaka mlangoni. Nimezihesabu zote.

Chumba kilikuwa 25. Kitandani hayupo. Nimemkuta chini ya kitanda. Miaka 67, kifudifudi, kajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anapumua. Nikamwita, hakunitambua mara moja.

Hakutoka mpaka nilipozitoa skrubu. Bisibisi iliteleza mara tatu. Viganja vyake vimevimba.

Mimi nimefanya hivi. Si joto.

Jumanne, 19 Julai
Amesema. Miaka 44 ya ndoa.

Siku zile za Mapinduzi alikuwa na miaka tisa. Mama yake alifunga madirisha yote mchana kweupe, akawatia watoto chini ya kitanda, akawaambia wasitoe sauti hata ya pumzi. Siku tatu. Ya tatu mlango uligongwa. Baba yake akaenda kufungua, akawaambia anarudi sasa hivi. Walimsubiri pale chini mpaka jioni. Hawakumwona tena.

"Nyumba ikifungwa mchana," kasema, "nasikia viatu."

Kwa nini hukuniambia, Rukia? Kanitazama. "Na wewe ulisema yako?"

Sikusema. Nilijua tu kwamba baba mkwe alikufa wakati ule. Sote tuliofika hapa tulifika na maiti zetu, na hatukuulizana. Nilidhani ndiyo heshima. Akakaa na dirisha lake wazi miaka yote, nami nikaona ni mwanamke anayependa hewa.

Jumatano, 20 Julai
Turubai juu, dirisha wazi, chumba 29. Turubai nusu, 28. Kitambaa cheupe chepesi badala ya turubai, 28 na nusu. Kitanda chini, mlango wa nyuma wazi, 27, ila choo kiko juu na ngazi ndizo zilizomwangusha.

Nimejaza kurasa nne. Hakuna hesabu yenye dirisha wazi na 26 pamoja.

Alhamisi, 21 Julai
Nilimpigia Salma mwenyewe. Nikamwambia nimeshindwa, joto halishuki. Mengine sikumwambia, ni ya mamake.

Kaja saa nne. Sanduku moja, dawa, msala, mto wake. Chumba cha kule kina dirisha kubwa, na mashine inapoza hata pazia likiwa wazi. Kitanda cha mtu mmoja. Wajukuu watatu ndani ya nyumba, mimi pa kulala hapana. Nitakwenda Jumapili na Jumatano.

Mlangoni Rukia alinitengeneza kola. "Usile mikate tu." Nikasema sawa. Gari likaondoka. Nikarudi ndani na sikujua niende chumba gani.

Jumapili, 31 Julai
Treni ya Metropolitan mpaka Harrow. Nimepeleka ndizi mbivu na ubani.

Rukia kakaa mbele ya dirisha, mwanga wote usoni. Miguu iliyokuwa ikimvimba kwa ajili ya moyo imepungua. Mjukuu mdogo anamsemesha Kiingereza, yeye anamjibu Kiswahili, wanaelewana vizuri tu. Tumekula wali na samaki. Hatukulitaja lile.

Nilipokuwa navaa viatu akaniuliza, "Nyumbani bado joto?"

Nilipima kabla ya kutoka. 23. Tangu aondoke hakuna anayegusa madirisha, na chumba cha mbele kimepoa kama kisima.

"Thelathini na mbili," nikamwambia. "Hakukaliki."

Akashusha pumzi. "Basi afadhali nilikuja."

Nikasema afadhali. Nikavua viatu tena, akanimiminia chai.