Bisibisi ya Kurudisha Dukani

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Mvua ikija, anua nguo. Saa sita muuza vifaa anakuja kuchukua moja ya zile bisibisi mbili za kupimia nguvu alizotuachia tujaribu. ~~Mrudishie ya dijitali.~~ Mrudishie ile inayolia "tak" skrubu ikikaza vya kutosha. Tunabaki na ya dijitali.

Ndiyo, umesoma vizuri. Jana nilisema kidude cha betri hakikai kwenye karakana yangu. Ukaniambia, "Mama, masikio yako yamestaafu kabla yako." Nikakujibu kwamba nilikuwa nakaza skrubu za bunduki wewe ukiwa bado kwenye nepi. Tukacheka.

Leo asubuhi nilikuwa nafunga darubini kwenye bunduki ya askari wa hifadhi. Nikakaza nikisubiri mlio. Sikuusikia, wala vidole havikuuhisi, nikazidi kukaza hadi skrubu ikakatika. Baba yako alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Akauliza, "Mbona imelia mara tatu na bado unakaza?"

Sijalia, sijakasirika. Nimefuta meza tu. Nimekwenda kumweleza askari mwenyewe, asije akasikia kwa watu.

Bunduki ya mwalimu wa shabaha bado iko kabatini bila darubini, anaitaka kesho. Ya dijitali inaonyesha namba na macho yangu ni mazima, lakini leo sitaki kushika kitu. Ufunguo wa kabati nimempa baba yako akukabidhi mkononi. Ifunge darubini wewe. Kwenye kadi ya kazi, palipoandikwa "fundi", weka jina lako.

Mama